Presha iliyogoma dawa na matibabu ya kuchoma neva za figo: soma kabla hujauza kiwanja

Mzizima MD (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nafanya kazi kwenye kliniki ya presha, na siku hizi haupiti muda bila mgonjwa au mtoto wa mgonjwa kunionyesha video aliyotumiwa WhatsApp: "Dokta, kuna tiba mpya, wanachoma neva za figo, presha inashuka, vipi kuhusu mzee wetu?" Familia nyingine zinakuja zimeshakaa kikao na kuanza kuchangishana nauli ya India. Tiba hii ipo kweli, si utapeli, lakini wengi wanaoulizia hawajafika hatua ya kuihitaji. Wanachohitaji kipo karibu zaidi na ni cha bei ndogo zaidi. Nitaeleza yote, halafu tuulizane.

Kwanza kwa nini figo. Ateri inayopeleka damu kwenye kila figo imezungukwa na neva nyembamba zilizojificha kwenye ukuta wake wa nje. Kupitia neva hizo ubongo unaiamuru figo itoe renini (kemikali inayosababisha presha kupanda), ibakize chumvi na maji, na ibane mishipa yake. Neva nyingine zinarudisha taarifa kutoka kwenye figo kwenda kwenye ubongo, na ubongo ukizipokea unaongeza msukumo mwili mzima. Kwa watu wengi wenye presha sugu amri hizi zimezidi kipimo. Ukizipunguza, presha inashuka. Hiyo ndiyo hoja nzima ya matibabu haya.

Wazo lenyewe ni la zamani. Kuanzia miaka ya 1930, kabla dawa za maana za presha hazijapatikana, madaktari wa upasuaji walikuwa wanafungua mgongo na kukata neva hizo kwa kisu. Reginald Smithwick wa Boston alichapisha mwaka 1953 taarifa za wagonjwa zaidi ya 1,200 waliofanyiwa hivyo, na waliishi muda mrefu kuliko ambao hawakupasuliwa. Ila maisha yao yalikuwa ya taabu: mtu akisimama anaanguka, wanaume wanapoteza nguvu za kiume, wengine mkojo hauzuiliki. Vidonge vya kuongeza mkojo vilipofika mwishoni mwa miaka ya 1950, upasuaji ule ukafa.

Ukafufuka kwa njia ya mrija. Mwaka 2009 Henry Krum, Markus Schlaich na wenzao wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya kwanza ya kuchoma neva hizo kwa katheta, yaani mrija mwembamba, iliyopitishwa kwenye paja. Mwaka 2010 likaja jaribio la pili, watu 106. Waliochomwa, namba ya juu ilishuka kwa 32 na ya chini kwa 12 baada ya miezi sita. Ambao hawakuchomwa hawakubadilika. Hospitali za Ulaya zikaanza kuifanya kwa wingi.

Sasa hapa naomba msome taratibu, maana ndipo penye kiini cha uzi huu.

Wamarekani walitaka ushahidi mgumu zaidi. Walichukua watu 535, wakawagawa kwa kura. Kundi moja lilichomwa. Kundi la pili liliingizwa chumba kilekile, likapewa dawa za usingizi mwepesi, likatobolewa pajani, ateri za figo zikapigwa picha, basi. Hawakuchomwa, na hawakuambiwa. Matokeo yakatoka mwaka 2014: waliochomwa walishuka kwa 14, ambao hawakuchomwa walishuka kwa karibu 12. Tofauti ni pointi mbili na kitu, ambayo kitakwimu si kitu.

Jiulize: hawa wa kundi la pili walishushwa na nini? Sehemu ni bahati ya vipimo, presha iliyopimwa ikiwa kileleni huwa inashuka yenyewe ikirudiwa. Lakini sehemu kubwa, kwa maoni yangu na ya wengi waliochambua jaribio lile, ni kwamba mtu akishaandikishwa kwenye utafiti, akafuatiliwa na kupigiwa simu, anaanza kumeza dawa zake kweli. Watu ambao kwa miaka waliitwa "wenye presha iliyogoma dawa" walishuka pointi 12 bila kuchomwa chochote.

Tukiishia hapo tutaionea tiba yenyewe, kwa sababu jaribio lile nalo lilikuwa na kasoro. Madaktari zaidi ya 100 waligawana wagonjwa 364 wa kuchoma, kwa hiyo wengi wao walifanya mmoja au wachache tu. Katheta ya wakati ule ilichoma nukta moja moja, na wagonjwa wengi hawakuchomwa kuzunguka ateri nzima. Tena walichoma shina la ateri, wakati neva zinaisogelea zaidi kule mbele inakogawanyika matawi. Vifaa vikabadilishwa, majaribio yakarudiwa na kundi la kutobolewa bure likiwemo. Mwaka 2020 watu 331 ambao hawakuwa kwenye dawa kabisa: tofauti ilikuwa karibu pointi 4 kwa kipimo cha mashine ya kuvaa saa 24, na 6.5 kwa kipimo cha kliniki. Safari hii ilikuwa tofauti ya kweli.

Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha vifaa viwili ndani ya mwezi huohuo: Paradise unaotumia mawimbi ya sauti, na Symplicity Spyral unaotumia mawimbi ya redio. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2024 unasema *inaweza kufikiriwa* kwa mwenye presha sugu ya kweli, baada ya kujadiliana na mgonjwa, na kwenye kituo chenye uzoefu. Hawakusema ifanywe kwa kila mtu.

Karibuni kwa maswali.

---

Mama Shukuru

Daktari asante kwa uzi. Mimi ni mmoja wa hao wenye kikao cha nauli. Mama yangu ana miaka 62, presha haishuki chini ya 180/100, anakunywa dawa tatu za presha na bado. Tumeambiwa dawa zimeshindwa. Je, kumchoma figo hakutamharibu figo yenyewe?

---

Mzizima MD

Dada Mama Shukuru, pole sana kwa mama. Figo yenyewe haichomwi, inachomwa neva iliyo nje ya ateri. Ila kabla ya kwenda huko nisaidie: anakunywa dawa gani kwa majina? Nani anampima, wapi, na anatumia dawa gani nyingine yoyote, hata ya kununua dukani?

---

Mama Shukuru

Amlodipini 10, losatani 50, atenololi 50. Anapimwa kliniki kila mwezi, foleni ndefu, akifika tu anapimwa. Nyingine ni dawa za magoti, diklofenaki, anameza karibu kila siku maana bila hiyo hawezi kwenda sokoni.

---

Mzizima MD

Sasa tazama dada yangu, na wengine mtazame pamoja naye.

Presha inaitwa sugu pale inapobaki juu licha ya dawa tatu za makundi tofauti, kwa dozi kamili anayoivumilia mgonjwa, *na moja kati yake lazima iwe ya kuongeza mkojo*. Kwenye orodha ya mama hakuna dawa ya mkojo. Losatani 50 ni nusu ya dozi ya juu. Na diklofenaki ya kila siku inaifanya figo ibakize chumvi na maji, inapandisha presha, inaidhoofisha losatani, na ikitumika muda mrefu inaiumiza figo. Halafu anapimwa akitoka kusimama kwenye foleni.

Kwa hiyo hatuwezi kusema dawa zimemshindwa mama. Hajapewa zote. Usimbadilishie chochote mwenyewe, na atenololi isikatwe ghafla, ni hatari. Nenda naye kwa daktari wake ukiwa na vidonge vyote kwenye mfuko, pamoja na vya magoti, useme: naomba tuangalie dawa ya mkojo, na njia nyingine ya kutuliza magoti. Awe amepima damu: kreatinini, inayoonyesha figo inavyofanya kazi, na potasiamu, madini ya kwenye damu. Hela ya nauli ibaki kwanza.

---

Kahama Mjini

Mkuu, swali la wengi: nikishachomwa naacha dawa?

---

Mzizima MD

Hapana mkuu. Wengi wanabaki na dawa, wengine zinapungua. Na wastani unaficha mengi: kuna anayeshuka pointi 20, kuna ambaye hashuki hata moja, na hadi leo hakuna kipimo cha kukuambia mapema wewe uko kundi gani. Hata daktari akimaliza kuchoma haoni pale pale kama neva zimekufa. Presha inashuka taratibu kwa wiki na miezi. Ambaye lengo lake ni kuachana na vidonge kabisa, ningemshauri asiifanye.

---

Bin Shee

Assalaam alaykum. Niko Mombasa. Daktari, hebu tueleze inafanywaje hasa. Mzee wangu ni mwoga wa kisu.

---

Mzizima MD

Waalaykum salaam kaka. Hakuna kisu. Mgonjwa analazwa kwenye chumba kilekile cha katheta wanakozibua mishipa ya moyo. Anapigwa ganzi kwenye kinena, kwa kawaida cha kulia, ateri ya paja inatobolewa na mrija mwembamba unaingizwa. Anapewa heparini damu isigande. Inaingizwa dawa ya kuonyesha mishipa, na ateri za figo zinatokea kwenye skrini pamoja na matawi yake. Hapo daktari anaangalia kama zina upana wa kutosha na hazijabanwa na mafuta.

Spyral ni waya unaojikunja kama springi ukishafika ndani, una ncha nne zinazogusa ukuta wa ateri, na kila mchomo unachukua sekunde 60. Paradise ni puto linalojazwa maji ya baridi yanayozunguka ili ukuta wa ndani usiungue, wakati mawimbi ya sauti yanapasha joto tishu za nje kwa sekunde 7 kila mahali. Kazi yote ni kama saa moja hivi.

Kinachofichwa kwenye video ni kwamba inauma. Neva zikiungua mgonjwa anasikia maumivu ya ndani sana ubavuni na mgongoni, ndiyo maana anapewa dawa kali za maumivu na usingizi mwepesi. Baada ya hapo analala mguu ukiwa umenyooka kwa saa kadhaa. Tatizo linaloonekana zaidi ni damu kuvilia pale kinenani. Ateri ya figo kuchanika au kubana baadaye hutokea kwa nadra, lakini hutokea. Na ile dawa ya picha si rafiki wa figo iliyokwisha kuchoka: majaribio makubwa hayakuwachukua watu ambao uwezo wa figo kuchuja umeshuka chini ya 40.

Gharama sitakutajia namba, kwa sababu inategemea nchi na hospitali. Jua tu kwamba katheta yenyewe ni ya kutumika mara moja na kutupwa, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei.

---

Dawa za Asili Tz

Hizi biashara za makampuni tu. Mtu anywe rozela na kitunguu saumu, apunguze chumvi, presha itashuka. Wazee wetu hawakuwa na katheta.

---

Mzizima MD

Mkuu, kwenye chumvi tuko pamoja kabisa, tena ningekuomba ulisisitize kila unapoandika. Rozela isiyo na sukari sina ugomvi nayo kwa mwenye presha ya kupanda kidogo. Lakini mtu wa 190/110 aliyeacha vidonge akabaki na rozela, mimi nampokea akiwa amepooza upande mmoja. Nakuomba sana, kwa dhati, usimwambie mtu aache dawa. Na wazee wetu walikuwa wanakufa kwa kiharusi, ila hakuna aliyewapima.

---

Mfamasia wa Kanda

Niongezee Mzizima, kuna jambo linalotuhusu sisi Waafrika na halizungumzwi vya kutosha.

Kwenye lile jaribio la 2014, karibu robo ya washiriki walikuwa Wamarekani weusi. Kwao tofauti kati ya kuchomwa na kutochomwa haikuonekana, hasa kwa sababu wale ambao hawakuchomwa walishuka sana. Majaribio ya baadaye yamekuwa na weusi wachache, na hakuna jaribio kubwa la tiba hii lililofanywa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki. Ushahidi tunaokopa ni wa watu wengine.

Pili, wengi wetu presha yetu ni ya chumvi: renini iko chini, mwili unang'ang'ania chumvi na maji. Ndiyo maana jaribio lililochapishwa 2019 kwenye nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, lilionyesha kwamba kuanza na amlodipini pamoja na dawa ya mkojo, au amlodipini pamoja na perindopili (dawa nyingine ya presha), ni bora kuliko perindopili na dawa ya mkojo bila amlodipini.

Tatu, dawa ya nne. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2015 jaribio la watu wenye presha iliyogoma dawa tatu. Kila mtu alipewa kwa zamu spironolaktoni, bisoprololi, doksazosini na kidonge kisicho na dawa. Spironolaktoni iliwashinda wote: presha ya nyumbani ilishuka kwa karibu pointi 9 zaidi ya kidonge kitupu. Linganisheni na zile pointi 4 hadi 6 za katheta. Ni vidonge vya zamani, kampuni nyingi zinavitengeneza, na famasi nyingi vipo. Ila lazima potasiamu ipimwe kabla na baada ya kuanza, hasa kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia losatani. Na baadhi ya wanaume matiti yanauma na kuvimba. Hao wanaweza kuhamishiwa amiloridi ikipatikana.

---

Mzizima MD

Mfamasia, ahsante sana. Hapo umefungua mlango wa aldosteroni, homoni inayoufanya mwili ubakize chumvi. Kuna watu tezi iliyo juu ya figo inamwaga homoni hiyo kupita kiasi, na hawa ni wengi kuliko tulivyofundishwa chuoni. Potasiamu ya chini bila sababu ni dokezo, lakini wengi potasiamu yao iko kawaida. Kipimo cha damu cha aldosteroni na renini kwa pamoja kinawabaini. Mtu kama huyo akichomwa neva, chanzo chenyewe kimeachwa. Mwingine ana uvimbe upande mmoja, ukitolewa presha inashuka au inapona kabisa. Inaniuma sana kuona familia ina uwezo wa kulipia tiketi mbili za ndege, na hakuna aliyewahi kumwambia mgonjwa apime aldosteroni.

---

Neema K

Mume wangu anakoroma hadi watoto wanaamka, na kuna wakati pumzi inakata kabisa halafu anashtuka. Mchana anasinzia hata kwenye kiti. Presha yake haikamatiki. Kuna uhusiano?

---

Mzizima MD

Upo, dada Neema, tena mkubwa. Koo linaziba usingizini, oksijeni inashuka, mwili unashtuka kila mara usiku kucha, na presha inapanda. Mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoandika hapa, na umrekodi kwa simu akiwa amelala. Kupunguza uzito na mashine ya kusaidia kupumua usiku vinaweza kusaidia. Na asiendeshe gari safari ndefu hadi atibiwe.

---

Kahama Mjini

Tufundishe kupima vizuri nyumbani, maana umesema presha ya foleni si presha.

---

Mzizima MD

Haja ndogo kwanza. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, usiipishanishe, kimya kwa dakika tano. Mkono uegemee meza usawa wa moyo, mkanda ufungwe kwenye ngozi si juu ya shati. Usiongee wakati mashine inajaa. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa wiki moja, andika zote. Siku ya kwanza iache, piga wastani wa zilizobaki. Ikiwa wastani uko chini ya 135/85, basi ile ya kliniki inapandishwa na hofu au haraka.

Na mkanda! Mtu mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo, mashine inasoma juu kuliko ukweli, wakati mwingine kwa pointi 10 au zaidi. Nimeona mama mnene akiongezewa dawa mwaka mzima, na kilichohitajika ni mkanda mkubwa. Ikiwezekana omba ile mashine ya kuvaa saa 24, inajaa yenyewe kila baada ya dakika 20 au 30, hata usiku.

---

Kigamboni Yetu

Daktari, mimi nimepita kote huko. Dawa tano, spironolaktoni ikiwemo, ya mkojo ipo, aldosteroni nimepima, mashine ya saa 24 inasoma 165. Vidonge namezeshwa na mke wangu asubuhi na jioni, sikosi. Nina kiharusi kidogo cha mwaka juzi. Na mimi unaniambia nisiende?

---

Mzizima MD

Hapana mkuu wangu. Wewe ndiye mtu ambaye tiba hii ilitafutwa kwa ajili yake, na pole kwa kiharusi. Kwa mtu aliyekwisha pata kiharusi, hata pointi 5 zikishuka na zikakaa chini kwa miaka, zina thamani kubwa. Na uzuri wa neva iliyochomwa ni kwamba inafanya kazi usiku na mchana, hata siku ambayo famasi imeishiwa dawa. Wagonjwa waliofuatiliwa miaka mitatu baada ya kuchomwa, presha haikuwarudia juu.

Nakuongezea jambo moja uliulizie. Mwaka 2021 lilichapishwa jaribio la Paradise kwa watu wenye presha sugu kama wewe. Kabla ya kupiga kura kila mtu alibadilishiwa dawa zake, akapewa kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani kwa wiki nne. Kati ya watu 989 walioandikishwa, waliobaki na sifa wakafika kwenye kura ni 136 tu. Waliondolewa kwa sababu mbalimbali, na mojawapo ni kwamba presha ilishuka kwa kidonge hicho. Kama hujawahi kutumia kidonge cha mchanganyiko, mwulize daktari wako kabla ya safari.

Ukishaamua kwenda, kituo chochote utakachowasiliana nacho waulize haya: daktari atakayenifanyia amefanya wangapi kwa mkono wake? Mnatumia kifaa gani? Mtachoma na matawi, au shina tu? Mtapiga picha ya ateri za figo kabla ili kuona kama ninafaa? Wakikujibu "tutakuponya presha" bila kukuuliza dawa unazotumia wala kreatinini yako, tafuta kwingine.

Ukirudi, kreatinini na potasiamu ndani ya wiki chache, mashine ya saa 24 baada ya miezi mitatu na tena sita. Dawa usipunguze hadi daktari wako aone namba hizo. Presha ikipanda ghafla baadaye au kreatinini ikaruka, ateri ya figo ipigwe picha haraka kuona kama imebana. Na ripoti ya hospitali ya huko, pamoja na CD ya picha, usiiache. Daktari wa hapa ataihitaji.